Toa Unyevu

Mama anapima.
Kikombe cha chai: robo kilo, toa unyevu.
Kandambili yangu ya kushoto: nusu, ina mchanga, irudishwe.
Miaka ishirini na mbili alisimama kwenye mizani
ya chama cha msingi pale Kitangari,
magunia ya korosho yakipita mbele ya jicho lake,
na hakuna mkulima aliyelalama kupunjwa.
Leo anainua kijiko, anafumba jicho moja,
anaandika stakabadhi hewani,
anachana karatasi isiyokuwepo, ananipa.
Naipokea. Naikunja. Naitia mfukoni.

Jina langu Sikudhani.
Alinipa mwenyewe, akili zake timamu,
baada ya mimba tatu kuharibika:
hakudhani ningekaa.
Sasa ananiita Namkuva, ambaye ni mama yake,
siku nyingine dada, siku nyingine karani,
na juzi, kwa adabu kubwa, mgeni.
"Mgeni, umeshapewa maji?"

Maji. Bomba lipo uani tangu mwaka juzi,
lakini saa nane za usiku anajitwika ndoo
na kushika njia ya bondeni,
kule walikoteremka usichanani kabla ya alfajiri
wakapanda na jua utosini.
Namfuata na tochi. Simvuti mkono;
nilishamvuta, nikajuta.
Nasema, "Foleni ndefu leo, mama. Tuje kesho."
Anageuka. Foleni anaielewa.

Bibi Namkuva naye aliishia hivi.
Walisema karogwa na mke mwenza;
akafungwa kamba kiunoni, ncha mguuni pa kitanda,
akaitwa mganga kutoka ng'ambo ya Ruvuma,
mbuzi wawili wakaenda, kamba ikabaki.
Nilikuwa na miaka saba. Nilimpelekea uji.
Alinishukuru kwa jina la mtu mwingine.

Daktari kule Ndanda aliniambia taratibu
si uchawi huu, ni ubongo unaosinyaa.
Nikamuuliza: na mimi?
Akaishusha kalamu. "Si lazima," akasema.
Si lazima.
Nimerudi nayo hiyo kwenye basi
kama yai mdomoni.

Kwa hiyo kila usiku, taa ikizimwa, najipa mtihani:
Mtwara, Naliendele, Nanguruwe,
Kitama, Tandahimba, Mahuta, Newala.
Kisha kinyumenyume:
Newala, Mahuta, Tandahimba.
Siku nikikwama Kitama
silali.

Mwezi uliopita nilisimama jikoni
nimekishika mkononi, kile, kile kidogo
cha kutikisa, cha njiti,
nikamwambia Somoe, binti yangu,
"Nipe hicho… hicho cha moto."
"Kibiriti, mama? Si unacho?"
Akanitazama.
Nalijua jicho lile, ni langu:
ndilo ninalomtazamia mama
anapotia chumvi kwenye chai na kuisifu.

Msimu umeanza. Mabibo yanaanguka,
uwanja mzima unanuka utamu uliochacha.
Jioni nilikuwa namwosha miguu
akaukamata mkono wangu,
akauinua, akafumba jicho.
Akakaa nao muda mrefu.
"Huu mzito. Umetoka shamba la nani?"
"La kwako, mama. Toa unyevu, umelowa."
"Huu sitoi," akasema. "Andika. Daraja la kwanza."

Nikainuka kutafuta kalamu.
Mezani, dirishani, chini ya mkeka,
hata kwenye kopo la sukari,
mpaka Somoe, mlangoni,
akaninyooshea kidole sikioni
akacheka,
kisha akaacha kucheka.